Ufito wa Kisima

Walisema saba.
Stendi ya Newala, saa tano usiku,
walishuka kumi na mmoja,
na mabegi, na keki iliyobonyea upande mmoja.
Nikasema karibuni, jamani, karibuni,
huku moyoni nahesabu ndoo.

Maana huku juu mlimani
maji tunayokunywa ni ya Machi.
Yalipiga bati, yakafuata mfereji,
yakaingia kisimani yakanyamaza,
na tangu hapo tunayapima kwa ufito
wenye alama tano za kisu
alizokata marehemu baba mkwe.
Ijumaa, kabla hawajaenda kuswali Idd,
niliuzamisha. Ukatoka umelowa alama nne.

Wifi yangu Zamda alioga ndoo mbili.
Nilizisikia. Bafu la makuti halifichi kitu:
ya kwanza ilimwagika kama mtu anayecheka,
ya pili sitaki kuisema.
Akatoka ananukia sabuni ya dukani,
akanikumbatia nikalowa kifua:
"Wifi, baridi ya kwenu hii! Kama friji!"
Nikacheka. Kwa kweli nilicheka.

Shemeji Mfaume hakutaka pilau.
Alitaka ming'oko.
Tangu Kibiti, alisema, alikuwa akiiota.
Aliketi juu ya kinu kilicholazwa,
akamenya, akachovya chumvi, akafumba macho.
"Mbagala inauzwa," alisema,
"lakini inafika imechoka na safari, kama sisi."
Kisha akanyamaza muda mrefu,
akitazama mlango wa chumba alichozaliwa,
ambamo sasa tunaweka magunia ya korosho.

Jumamosi mtoto wao Nasri
aliosha baiskeli ya mume wangu.
Hakutumwa na mtu. Aliionea huruma, eti ina vumbi.
Dumu zima. Mpaka spoku. Mpaka kengele.
Akasimama pembeni anangoja asifiwe,
miguu imejaa tope jekundu.
Nikamwambia, "Hongera, baba."
Ulimi wangu ulikuwa mkavu.

Usiku tulilala stoo, mimi na mume wangu,
katikati ya magunia matupu,
kitanda chetu kikiwa na watoto wanne
waliolala kama kuni zilizotupwa.
Akaninong'oneza, "Siku ya tatu mpe jembe."
"Huyu mpe ufito," nikamjibu,
tukacheka tumeziba midomo kwa shuka
hadi Bi Somoe akakohoa ukutani.

Bi Somoe, shangazi yao, hakualikwa.
Alipanda basi tu, kwa sababu limeelekea huku.
Zamani alishuka bondeni usiku wa manane
na mtungi kichwani, akapanda nao alfajiri,
hayo nayajua kwa wengine, si kwake.
Siku zote tatu alinawa kwa kikombe cha chai
na hakumtazama mtu.

Jumapili waliondoka.
Kulikuwa na kusahau chaja na kurudi,
kulikuwa na noti iliyokunjwa ikisukumwa mkononi mwangu
nami nikiirudisha, nayo ikirudi,
kulikuwa na Nasri aliyegoma kuiacha baiskeli.
Kisha ua ukawa mkubwa ghafla.

Nilizamisha ufito.
Alama mbili, na unyevu kidogo wa kubishania.

Nikaenda bafuni kusugua sakafu.
Huko nikakuta ndoo imefunikwa sahani,
na chini ya sahani, maji:
nusu ndoo, safi, hayajaguswa,
kopo likining'inia kwenye msumari wake.
Mmoja wao alioga nusu akaniachia nusu,
akaondoka bila kusema.

Nilidhani Bi Somoe. Ni nani mwingine?
Lakini nilinusa ile sahani:
sabuni ya dukani.
Au ni pua yangu tu,
maana nyumba nzima ilinuka hivyo,
hata mto wangu, hata magunia.

Sikuyamwaga. Nikayafunika tena.

Jioni nilipima mbaazi za kuloweka,
za mimi, mume wangu na mwanetu,
mawazo yako mbali, basi limefika wapi sasa,
Nangurukuru labda.
Nilipotazama sufuria,
nilikuwa nimepima za watu kumi na wanne.