Safu ya Tano

Projekta yetu hukohoa kabla ya kuwaka.
Mkuu wa shule aliinunua mwaka ule
darasa la tano lilipobaki na wanafunzi kumi na mmoja.
Mimi, Danguolė, mwenye miaka ishirini na sita
ya vumbi la chaki kwenye kola,
niliapa sitafundisha kwa kubonyeza.
Nikabonyeza.

Kiungo alinitumia dada yangu wa Šilutė:
kamera juu ya nguzo ya umeme,
kiota cha korongo, mchana na usiku, bila mtangazaji,
upepo tu ukivuma kwenye maikrofoni
na ile midomo mirefu ikigongana, kwakwakwa.

Mayai matano. Nikachora jedwali la safu tano.
Kila asubuhi, kwa zamu, watoto walihesabu:
vyura wangapi, minyoo mingapi, nani kala, nani kakosa,
sehemu ngapi ya chakula imekwenda kwa nani.
Ugnė, aliyezichukia sehemu tangu Septemba,
alinipigia simu nyumbani Jumapili:
"Mwalimu, wa pili amemeza nyoka!"

Kinda la mwisho lilichelewa kuanguliwa siku nne.
Wakamwita Trupinys, yaani chembe ya mkate,
ile unayoiokota mezani kwa ncha ya kidole kilicholowa mate.
Shingo yake haikukifikia chakula.
Kipras ndiye aliyeomba kuishika safu hiyo.
Kipras mwenyewe ndiye mdogo wa darasa;
mama yake yuko Norwei, anapakia samaki kwenye barafu,
naye humwona Jumamosi, kwenye skrini ndogo kuliko hii.

Tarehe tano Juni, kipindi cha tatu.
Nilikuwa nimeugeukia ubao, naandika "wastani".
Nikasikia darasa likiacha kupumua.
Korongo mama alikuwa amemshika Trupinys shingoni,
si kwa hasira,
kwa uangalifu ule ule aliopangia vijiti,
akamtikisa mara mbili,
akasogea ukingoni.

Mkono wangu tayari ulikuwa kwenye kipanya.
Mchelea mwana kulia... naijua sentensi hiyo,
naijua hata inavyomalizika,
lakini hawa walikuwa na miaka kumi na mmoja,
na wengine bado kumi.
"Usizime," akasema Kipras. Hakupaza sauti.
"Ukizima, ataanguka tu,
ila sisi ndio hatutakuwepo."

Sikuzima.

Kamera haikuinama kutazama chini.
Ilibaki pale ilipofungwa: kiota, makinda manne,
mama akijikuna bawa.
Pembeni mwa skrini palikuwa na maswali ya mtaalamu fulani,
pamoja na majibu yake.
La kwanza: Eleza faida ya tabia hii kwa ndege.
Nikalisoma kimoyomoyo. Nikalifunga.
Tautvydas akauliza kama mama anajua kuhesabu.
Nikasema sijui.
Akauliza kama na mtandao mzima nao haujui.
Tukatafuta. Tukasoma kurasa tatu za Kipolandi,
na Kijerumani kilichotafunwa na mashine ya kutafsiri,
hata kengele ikalia, bado hatujui.

Agosti wataondoka. Ramani itaonyesha nukta nyekundu
zikivuka Bosfori, zikiufuata mto Naili,
zikishuka hadi nyanda ambako watu
wana jina lao jingine la ndege huyu huyu.
Wakati huo shule itakuwa imefungwa.
Nani atahesabu, sijui.

Leo nimekusanya majedwali.
Kipras hakuifuta safu ya tano.
Kila siku, kwa wino, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto:
sifuri. Sifuri. Sifuri.
Na wastani ameutafuta kwa kugawanya kwa tano.
Jibu lake halifanani na la mwenzake yeyote.

Kalamu nyekundu iko mkononi mwangu tangu saa tisa.