Daftari la Kina cha Maji

Baba yangu, Nzioki wa Kavuli, alilipwa kusoma mto.
Si kuuvuka, si kuusifu:
kuusoma. Saa moja asubuhi, masika na kiangazi,
alishuka nyuma ya Chiromo, penseli sikioni,
akainama mbele ya ubao wenye tarakimu
akaandika: sentimita thelathini na nane.
Rangi: ya turungi. Harufu: hakuna.

Safu ya mwisho iliitwa Maoni.
Serikali ilimwachia hapo upana wa vidole viwili.
Yeye akaingiza mji mzima.

*Leo umepita mkeka, umekunjuka, kama unangoja mgeni.*

*Wadobi wa Ngara hawakufua. Kuna msiba.*

*Mtoto ameniuliza mto unatoka wapi. Nikamwambia Ondiri,
kwenye kinamasi, kule Kikuyu.
Akauliza, na kabla ya Ondiri?
Sentimita arobaini.*

Jina lilikuwa la maji kwanza.
Wamaasai waliwanywesha ng'ombe hapa, wakapaita kwa ubaridi wake.
Kisha reli ikaja kutoka pwani, ikihema,
ikauona ukingo wa Bonde la Ufa mbele yake, ikasita,
ikalaza mabehewa kwenye matope na mafunjo,
na uchovu wa reli ukawa mji mkuu.
Mji uliazima jina la mto
kama jirani anavyoazima sufuria.
Haujarudisha hadi leo.

Mimi ndiye niliyeachiwa daftari.
Jumamosi nalikunja kwapani, naufuata mkondo kwa miguu.

Pale kilima cha makumbusho watu hulipa
kumwona nyoka nyuma ya kioo.
Chini yao mto unapita bure;
hakuna anayeinama.

Kamukunji, nyundo. Hata mazungumzo huko hupigwa nyundo.
Pipa lililoingia asubuhi likiwa la mafuta
jioni linatoka likiwa jiko, karai,
na sanduku la mtoto wa bweni, kufuli juu yake.
Gikomba, robota la mitumba linapasuliwa kwa kisu
na koti la nchi yenye theluji
linaanguka kwenye jua letu, halijui pa kutazama.

Majengo, Bi. Riziki binti Feruzi
ananikaribisha kwa kaimati tatu na swali lile lile:
"Mto wako hajambo?"
Kisha, akifuta mafuta vidoleni:
"Tulikuwa tukitia udhu pale. Pale penye magunia.
Siku hizi hata kiatu changu sikipeleki."

Kuna ukurasa mmoja baba aliuandika kwa mkono usio wake,
herufi zimelala.
Mvua ilikuwa ya siku ya tisa.
Mto ulirudi kudai ardhi,
haukuleta hati, haukutafuta wakili,
ukabeba mabati, vitanda, mbuzi wa watu,
na jina la mtoto ambalo mama yake aliliita hadi alfajiri.
Naliangalia safu ya Maoni. Limeandikwa:
*Ubao hauonekani. Nimekadiria.*
Basi.
Alistaafu mwaka uliofuata, na nyumbani
hakuruhusu bomba liachwe likitiririka.

Korogocho, mahali palipokuwa jaa,
Wesonga na wenzake wamepanda mianzi na migomba.
Maharusi huja kupigwa picha, shilingi hamsini,
mia ukitaka daraja lisiwe na watu.
"Bustani ya nchi gani hii?" aliuliza bwana harusi mmoja.
"Ya hapa hapa," Wesonga akamjibu, "toa hamsini."
Amenichomekea mti majini
na kuuchonga alama kwa panga, hazilingani sana.

Nachuchumaa. Natoa penseli.

*Ishirini na sita, kwa vipimo vya Wesonga.
Rangi: ya kijivu, ikielekea kusikotajika.
Harufu: ipo.
Maoni: chura mmoja, upande wa mianzi.
Nimemsikia, sijamwona.
Huenda ni wawili. Nimekadiria.*