Mgeni Asiyepewa Jembe

Kilikuja ndani ya kichupa cha fomalini,
kidogo kuliko punje ya uwele,
na karatasi iliyokunjwa mara nne:
Yaredi, miezi saba, Hombolo,
kipele cha manjano, utosini.

Nilifuta vumbi kwanza.
Agosti hapa Dodoma upepo haupigi hodi,
unaingia hadi kwenye lenzi;
mwaka juzi nusura tumwandikie mtu ugonjwa
ambao ulikuwa udongo wa Nzuguni.

Nta, wembe, maji ya uvuguvugu.
Nilikata wembamba ambao ngozi ya kitunguu
ikiuona itajiita blanketi.
Nikatia rangi, zambarau kisha waridi,
umeme ukakatika, ukarudi,
nikainamisha jicho.

Na humo, kati ya seli zilizojaa povu
kama chungu cha pombe ya mtama,
moja kubwa,
viini vyake vimejipanga duara,
duara kamili, kama ngata,
ile ya kitenge kuukuu
anayoisokota mama kabla ya kujitwika ndoo.

Nilicheka peke yangu.
Miaka kumi na tisa na hadubini hii
na seli ya namna hiyo ilikuwa imenijia mara tatu tu.
Mara moja kwenye ulimi wa kijana wa Kondoa
aliyedhani amejing'ata akila mbuzi.
Mara moja uti wa mgongo, fundi cherehani wa Manyoni,
miguu yake ilianza kusahau kukanyaga
katikati ya shati la mteja.
Ya tatu sisemi ilitoka wapi.
Mwenyewe alikuwa kichanga,
lakini atakua, na atakuwa na aibu zake.

Yudita Chilongani alikaa kwenye benchi
ngata ingali mkononi;
alitoka kisimani akaja hivyo hivyo.
Daktari Mwaluko akamsomea: zanthogranuloma.
"Zantho nani?" akauliza.
"Ni jina la mtu?"

Nyumbani kipele kilikuwa na majina tele.
Jicho la shangazi.
Mafuta ya moto yaliyoruka siku ya maandazi.
Mimba iliyotamani viini vya mayai ikanyimwa.
Hili jipya halikuwa na wa kumlaumu,
nikaona anavyolishika, kwa mashaka,
kama noti asiyoijua.

"Si saratani," daktari akasema. "Ni mgeni.
Tunamwacha. Mwaka, miwili, mitatu,
ataondoka mwenyewe."
Yudita akafikiri.
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu hana mikono?"

Tungecheka. Ila mtoto aligeukia dirisha
na mwanga ukamwingia jicho la kushoto:
chini, mbele ya rangi ya jicho,
damu imetuama, mstari mwekundu mnyoofu,
kama mashapo kwenye glasi.
Mgeni alikuwa na ndugu
na ndugu yuko chumba cha ndani.

Matone kila saa mbili.
Yudita hana saa.
Mchana alihesabu kwa kengele ya shule
na redio ya duka la jirani.
Usiku, alituambia baadaye,
kwa njaa ya mtoto mwenyewe.
Presha ya jicho ilipanda, ikashuka, ikapanda.
Kuna Jumanne moja daktari alinyamaza sana.

Leo Yaredi ana miaka mitatu na teke kali.
Utosini limebaki doa bapa,
kama mahali palipokaa figa.
Jicho la kulia jeusi tii,
la kushoto limepauka, rangi ya chai ya rangi,
na anaona nalo:
amemwona nzi kwenye koti langu, amemuua.

Yudita ameniletea karanga za kukaanga
ndani ya kichupa cha dawa kilichooshwa.
Nimesimama nacho muda.
Mkono unatafuta karatasi ubavuni mwake,
jina, umri,
mahali kilipotoka.