Simkatazi Hakimu

Saa tano usiku, Fetter Lane, kurasa kumi na moja.
Wakili Pask ameniachia taa, chai iliyopoa
na ombi moja: kufikia alfajiri ziwe kwa Kireno,
maana saa tatu asubuhi, kule Paranaguá,
kesi itatajwa.

Mambo yenyewe ni mbolea na maji.
Kifuniko cha ngama kilivuja katikati ya Atlantiki,
tani mia sita zikaganda zikawa jabali.
Gatini walizivunja kwa nyundo.
Mwenye meli yuko Pireo.
Mwenye mbolea ni Anselmo Quadros,
ambaye wateja wake walikuwa wamekwisha kulima
na kila wingu likipita
wanampigia simu.

Akaenda mahakama ya mjini kwake.
Wewe ungekwenda wapi?
Mtu akiumwa jino usiku hatafuti daktari wa ng'ambo.

Lakini nyuma ya mkataba wa kukodi meli,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
kifungu cha ishirini na sita:
ugomvi wowote utaamuliwa London,
na wasuluhishi watatu, si penginepo.
Saini ni yake. Nimeitazama sana.
Ile Q imekunja mkia
kama paka aliyeshiba.

Jaji Hethersett alisikiliza dakika arobaini,
akavua miwani, akasema maneno
niliyoyapenda kabla ya kuyaogopa:
"Simkatazi hakimu wa Paranaguá.
Sina mamlaka hata juu ya kengele ya mlango wake.
Ninamkataza bwana huyu."

Basi ndivyo ilivyo. Mkono hauigusi mahakama ile,
hata vumbi la dirisha lake hauligusi.
Unavuka bahari kwa adabu zote
na kushika ukosi wa shati
la mtu mmoja anayepanda ngazi.

Kireno cha mama yangu hakina neno la jambo hili.
Niliandika *azuiwe*, nikafuta.
Azuiwe na nani? Hakuna askari atakayetumwa.
Niliandika *aache*, likasikika kama mzazi mkali.
Mwishowe nimeandika *ajizuie*,
kwa kuwa ndilo la kweli:
atazuiwa na miguu yake mwenyewe,
na ile akiba yake iliyomo benki,
mitaa miwili kutoka hapa nilipokaa.

Onyo la ukurasa wa kwanza nimelitafsiri mwisho.
Usipotii utakuwa umeidharau mahakama.
Waweza kufungwa, kutozwa faini, mali yako kukamatwa.
Kwa Kiingereza limeandikwa kwa herufi kubwa, nene.
Nilijaribu kuzipunguza unene. Pask akazirudisha.

Usidhani namtetea.
Ahadi ni deni, na mimi nala kwa ahadi za watu,
zile wanazowekeana kwa lugha mbili.
Kama kila mmoja, siku mkataba unapombana,
angekimbilia kwa hakimu wa kwao
anayejua hata jina la mbwa wake,
nani angethubutu kupakia gunia moja melini?
Hili nalijua.
Nalijua, na bado ile Q
inanitazama.

Saa kumi na moja kompyuta ikalia.
Benedita Schünemann, wakili wa Quadros.
Kumbe naye hakulala; kwao ni saa nane za usiku.
Ameomba kwa hakimu wao amri ya dharura:
mwenye meli asithubutu, huko London,
kumzuia raia asiende mahakamani kwake.
Zuio la kulizuia zuio.

Pask alicheka mpaka akakohoa.
Kisha akauliza, sasa hacheki,
kama naweza kubaki hadi mchana,
maana hiyo nayo
itabidi iwekwe kwa Kiingereza, na ijibiwe.

Nimebandika maji mapya.
Nimemuuliza mbolea yenyewe iko wapi.
"Mbolea gani?" akasema,
kisha akakumbuka.