Milingoti ya Malaba

Niliajiriwa milingoti ikiwa mitatu.
Sasa ni minane, na wa tisa ni wa jumuiya yenyewe,
bendera pana kuliko shuka ya kitanda changu.
Mshahara haujui kuhesabu,
umebaki palepale, kwenye mitatu.

Alfajiri nakuja na baiskeli toka Kocholia
nikipita ubavuni mwa malori yaliyolala.
Huku kwetu hatuulizani habari za asubuhi,
twaulizana: mkia uko wapi?
Mkia ukiwa Amagoro, kumekucha salama.
Ukifika Kimaeti,
jua kuna mkubwa kanuna mahali.

Nafungua kabati, nazitoa moja moja.
Hii imepauka, hii imeliwa na panya pembeni,
hii mpya bado yanukia kiwandani.
Fundo ni lilelile kwa zote.
Saa tisa upepo wa ziwani hufika na fujo zake,
huzisokota mbili mbili,
nami napanda ngazi kuzitatua,
nisijue kama zilikuwa zikikumbatiana
au zikikabana.

Mwaka ule wa mayai
shemeji yangu Asekenye alitoka Tororo na trei arobaini.
Jumatatu yai lilikuwa la ndugu,
Jumanne likawa la kigeni.
Kuku hakuarifiwa.
Siku tatu trei zikikaa juani nje ya ofisi,
yeye amekaa kando yake kama aliye matangani.
Akaniita: "Etyang, wewe unayewapandisha kila siku,
hujawauliza?"
Nikajifanya ngazi inateleza.

Kisha yakaja ya mahindi na kuvu lake.
Gunia lililokataliwa mchana langoni
usiku lilivuka mto mgongoni mwa kijana,
shilingi hamsini,
na asubuhi lilikuwa unga kama unga mwingine.
Mto Malaba haudai cheti cha asili.

Lado, dereva wa njia ya Juba,
ana matundu mawili mlangoni mwa gari lake.
Ameyaziba kwa sabuni ya kufulia.
"Mvua ikinyesha," asema, "mlango watoa povu,"
na anacheka peke yake.
Kasereka hacheki. Mama yake yuko upande ule wa milima
ambako mji hulala na serikali moja
ukaamka na nyingine.
Usiku mmoja magari ya jeshi yalipita hapa kwenda magharibi,
watoto wakapiga makofi.
Baadaye mengine yalirudi.
Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyezomea.
Mimi nilikuwa nimeshika kamba.

Redio ya mlinzi yasema mkutano wa Arusha umeahirishwa,
akidi haikutimia, michango haijalipwa.
Nikakumbuka chama chetu cha kuzikana:
asiyelipa haazimwi sufuria,
hilo limeandikwa.
Lakini sijaona maiti akirudishwa nyumbani
kwa sababu ya deni la sufuria.

Wiki iliyopita kamba ya mlingoti mmoja ilikatika.
Nikajaza fomu. Fomu ikahitaji muhuri.
Mwenye muhuri alikuwa semina,
semina ya kuondoa vikwazo.
Siku mbili mlingoti ukasimama uchi,
na karani mmoja akaanza kunong'ona
kwamba nchi fulani imejitoa,
na wabadilisha fedha wakaanza kupandisha bei.

Asekenye akafungua mbuzi wake.
Akanitupia kamba, nailoni ya bluu, mpya,
ameinunua sokoni upande wa pili
na kuivusha kiunoni, chini ya kanga,
bila hati, bila ushuru.
"Mbuzi nitamshika mkono," akasema.

Nikafunga fundo lilelile.
Ikapanda bila kukwama.
Mkubwa alipotoka semina akasimama chini,
akazihesabu kwa kidole hadi tisa, akaridhika.
Msiniulize ni ipi.
Njooni saa tisa, upepo ukifika,
mtazame wenyewe.