Kitabu cha Stakabadhi

Jumanne nilimuuzia Chilewa bomba, futi tatu.
Ijumaa, springi ya kitanda.
Wiki ya pili misumari, robo kilo;
akalalamikia bei, akaniachia salamu za mama yake.

Leo, mahakamani Mpwapwa, vyote viko mezani
vimeunganishwa, vimefungwa kikaratasi: Kielelezo cha Kwanza.
"Shahidi, uliuza silaha?"
Niliuza bomba. Kitabu changu kinasema bomba.

Hakimu anavua miwani.
Sheria, anasema, haisomi stakabadhi moja moja.
Inajumlisha.
Kwa asiye na kibali cha kuunda,
hata gobore lisilowahi kulia ni gobore.

Chilewa ananitazama mimi, si hakimu.
Ngiri wamemaliza uwele wake misimu miwili,
Kibakwe nzima inajua,
ila uwele haukupewa namba ya kielelezo.

Nimerudi dukani. Jua la saa tisa, vumbi mpaka kwenye mizani.
Kijana wa ng'ambo ya korongo anataka bomba.
Futi tatu.
"La nini?"
"La maji, mzee."
Kalamu imesimama juu ya karatasi.
Mradi wa maji haujavuka korongo.