Fundi wa Baridi

Baridi haitengenezwi. Bosi alinifundisha siku ya kwanza,
spana mkononi, ghorofa ya sita, Mtaa wa Mkunguni:
"Hamna mashine inayozaa baridi, Chande.
Tunahamisha joto tu. Tunalitoa ndani, tunalimwaga nje."
Nikachungulia chini nione nje ni wapi.

Nje ni Bi Tabu Mwinjuma na meza yake ya vitumbua,
kichochoroni, nyuma ya jengo,
ambako feni arobaini na moja (nimezihesabu)
zinampumulia mgongoni tangu saa tatu asubuhi.
Mkaa wake hutoka Kisarawe kwa bodaboda,
gunia mbili, usiku, kukwepa geti.
Naye ana lake. Hasemi, sisemi.

Mwaka huu Februari haikwisha.
Ilijiita Machi, ikapanga tena chumba kile kile.
Simu hazilali: benki, zahanati, kanisa,
ukumbi wa Sinza, bwana harusi kalowa suti.
Jua likikaza, mimi ndiyo nakula.
Bati langu, tofali, ada ya mtoto:
vyote nimevinunua kwa joto.

Halafu kuna ile kazi ya haraka,
ya kulegeza nati na kuiachia gesi iende
badala ya kuivuta irudi mtungini.
Inapiga mluzi, psii,
kama mtu anayemwita mwenzake kwa siri.
Dakika mbili, kimya.
"Imekwenda wapi?" aliniuliza Mbwana, kijana wangu.
Nikamwambia, juu.
Akatazama juu, kama kuna mtu pale wa kuipokea.

Aprili, mvua ya mwezi mzima ikashuka usiku mmoja.
Msimbazi haukupiga hodi Kigogo.
Ulipanda kitandani na viatu vyake.
Asubuhi mtungi wangu niliukuta juu ya mpera wa jirani,
umetulia kama kuku aliyekataa kushuka.
Mke wangu alikuwa anakamua godoro. Hakuniuliza kitu.

Jumatatu wakaniita kwenye ukumbi wa mkutano.
Mada: mafuriko. Kiyoyozi: kibovu.
Nilikuwa na tope bado kwenye kucha.
Nikawasha, nikaweka ishirini na tano.
"Shusha, fundi," alisema mmoja, akifunga kifungo cha koti.
"Kumi na sita."

Nikashusha.

Kule kichochoroni Bi Tabu amekinga ndoo
chini ya mpira wa mashine yangu.
Tone, tone. Ndiyo anayooshea vikombe.